Kiboko Aliyeijaza Ndiva

Nikirushe kitu?

Kirushe!

Nikikirusha juu?

Kitashuka!

Nikikisukuma?

Kitakusukuma!

Na aliyelala katikati?

Shauri yake!

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma acha kusinzia, maana hadithi hii inawahusu wanaosinzia wenzao wakifanya kazi.

Zamani, zamani ile ambayo hata mlima ulikuwa bado kijana, wanyama waliishi kwenye mteremko mkavu. Juu kulikuwa na kijito kimoja, chembamba kama mkia wa panya. Maji yake yakiachwa yaende hovyo, mchanga uliyanywa yote kabla hayajafika shambani. Kwa hiyo wanyama wakachimba bwawa la udongo, wakaliita ndiva. Usiku kijito kiliingia ndivani, maji yakakusanyika. Alfajiri mwenye zamu alizibua kizibo, maji yakateremka mferejini mpaka shambani kwake. Leo wewe, kesho yule, keshokutwa mwingine. Baada ya siku nane inarudi kwako.

Katikati ya ndiva walisimika mti wenye mikato miwili. Maji yakifika mkato wa juu, ndiva imejaa, na yanayozidi yanamwagika kando. Ukizibua, unamwagilia mpaka maji yashuke kwenye mkato wa chini, kisha unaziba. Kutoka mkato hadi mkato, hiyo ndiyo zamu yako. Huongezewi, hupunguziwi.

Na kila mwaka kabla ya kiangazi baragumu lilipigwa, wanyama wote wakaenda msaragambo, kazi ya wote kwa ajili ya wote. Kila mmoja alipimiwa kipande chake cha tope ndivani, akizoe. Asiyezoa tope hana zamu. Sheria ilikuwa fupi hivyo, na kila mtu aliielewa.

Sasa, palikuwa na binti mmoja, Mhanga. Masikio marefu, pua ndefu, kucha kama majembe. Katika kuichimba ndiva ile hakuna aliyetoka jasho kama yeye. Hata tundu la tope, lile la chini kabisa la kutolea matope, alilichimba peke yake siku tatu. Marehemu mama yake alimwachia kitu kimoja tu: kiganja cha maharage meupe yenye jicho jekundu. Mbegu hiyo hakuna mwingine aliyekuwa nayo mlima mzima. Mwaka ule Mhanga aliipanda yote, matuta matano. Yakikauka, mbegu ya mama imekwisha duniani. Shikeni hapo.

Mwenyekiti wa ndiva mwaka ule alikuwa Kiboko. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu alikuwa mkubwa. Msinitazame hivyo, hapakuwa na sababu nyingine.

Katibu wake alikuwa Nyani. Huyu alikuwa ameshuka bondeni kwenye shule ya binadamu, akakaa dirishani muhula mmoja, akila kande za wanafunzi. Akarudi mlimani na kipande cha chaki sikioni.

"Nimesoma fizikia," alisema.

"Ndiyo nini hiyo?" wakamuuliza.

"Ni sheria za vitu. Hazipigiwi kura."

Wanyama wakaogopa. Sheria isiyopigiwa kura lazima uiogope.

Basi baragumu likapigwa, vuuu! Wanyama wakaja na majembe na makarai. Kiboko naye akaja. Akaingia ndivani, akafika kwenye kipande chake, akalala.

Mhanga akazoa tope. Akazoa, akazoa. Jua likapanda. Akafika alipolala Kiboko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Umelalia kipande chako."

"Nakijua."

"Utakizoa saa ngapi?"

Kiboko akafumba jicho moja. La pili lilikuwa limefumbwa tayari. Nyani akaruka juu ya jiwe.

"Dada Mhanga! Usimsumbue mwenyekiti. Unadhani huo ni uvivu? Hiyo ni sheria ya kwanza. Kitu kilichotulia hubaki kimetulia mpaka nguvu ya nje ikisukume. Mzee ametulia. Ana kosa gani? Mwenye kosa ni nguvu ya nje, haijatokea."

Wanyama wakasema, "Aaaa!" Mnaijua ile aaa ya mtu ambaye hajaelewa na hataki ijulikane.

"Na kipande chake azoe nani?" Mhanga akauliza.

"Swali zuri. Sheria hiyo hiyo ina nusu ya pili. Kitu kinachokwenda huendelea kwenda. Wewe, dada, tangu alfajiri unakwenda. Kukusimamisha itakuwa kuvunja sheria. Endelea tu."

Wakampigia makofi. Naam, wakapiga makofi! Na ninyi msicheke sana, nyumbani kwenu mnaijua sheria hiyo. Anayefua aendelee kufua kwa kuwa ameshaanza. Aliyekaa aletewe maji ya kunywa kwa kuwa ameshakaa. Mkiulizwa mnasema mila. Nyani aliita fizikia. Jina tu limebadilika.

Mhanga akahisi kitu cha moto kooni, kama kaa. Akalimeza. Hiyo mara ya kwanza. Akazoa tope lote kumzunguka Kiboko, kulia, kushoto, mbele, nyuma. Tope la chini ya Kiboko likabaki palepale.

Kiangazi kikaingia. Majani yakawa rangi ya vumbi, maharage ya Mhanga yakatoa maua. Ua la haragwe likikosa maji linadondoka, na likidondoka hakuna haragwe.

Zamu yake ikafika. Alfajiri akaenda ndivani. Akatazama ule mti: maji yako mkato wa juu, sawasawa. Kiboko alikuwa humo ndani, pua tu ndiyo ilikuwa nje. Akazibua kizibo. Maji yakateremka, chururu, chururu. Tuta la kwanza likalowa. La pili likalowa nusu. Akarudi kutazama mti: maji yako mkato wa chini! Imekwisha.

"Haiwezekani," akasema Mhanga. "Mwaka jana kutoka mkato hadi mkato nilimwagilia matuta matano na maji ya kuoga yakabaki."

Nyani alikuwa juu ya jiwe lake, anamenya ndizi.

"Sheria ya pili, dada. Kitu kizito huvuta vitu kwake. Kwa nini embe huanguka chini lisiruke juu? Dunia ni nzito, inalivuta. Mwenyekiti naye ni mzito, anayavuta maji. Hana tamaa, masikini. Ana uzito."

"Na wewe? Mbona migomba yako imenawiri kiangazi hiki?"

"Aliye karibu na kizito huvutwa zaidi. Mimi nimevutwa tu. Sina hiari."

Wanyama wakacheka. Hata waliokuwa na kiu wakacheka. Mhanga akameza kaa la pili.

Siku nane zikapita. Zamu yake ya pili ikafika. Maji mkato wa juu, sawasawa. Kiboko ndani, pua nje. Akazibua. Tuta la kwanza, nusu ya la pili, kwisha. Jioni ile maua ya matuta mawili ya mwisho yalidondoka yote. Akayaokota ardhini moja moja, akayaweka kiganjani, yakawa mepesi kama maganda ya vitunguu.

Asubuhi akaenda mbele ya wote. Safari hii hakumeza.

"Nyinyi!" akapaza sauti. "Mimi nimezoa tope langu, nimezoa na la mwenyekiti. Zamu yangu ina maji ya kunawa uso! Mbegu ya mama yangu inakufa, na mnanihadithia maembe?"

Nyani akainua mkono, taratibu, kama daktari.

"Ndugu wanyama, msiogope. Hii nayo ni sheria. Kitu cha moto kikiachwa peke yake hupoa. Dada ana joto. Msimjibu, msimkaribie. Atapoa."

Wakarudi nyuma wote. Mama Kanga, mwenye watoto kumi na wawili na zamu fupi kama ya Mhanga, naye akarudi nyuma hatua moja. Hatua ile ilimuuma Mhanga kuliko maneno yote ya Nyani.

Naona kuna mabinti hapa wametikisa kichwa. Mnaijua. Unaleta hoja, wanakupima homa.

Mhanga akaenda zake. Je, alipoa? Hakupoa. Alitembea wiki nzima na joto lake.

Jioni moja alipanda kuchota maji ya kupikia. Kesho yake ilikuwa zamu ya Kiboko. Akasimama nyuma ya kichaka, akatazama. Mwenyekiti, aliyelala siku saba bila kutikisa sikio, akafumbua macho. Akanyanyuka. Tope la chini yake lilikuwa bado uji tu kwa maji yaliyokuwamo, likamwachia. Akatoka ndivani kwa miguu yake minne, akajikung'uta, akalala ukingoni kwenye nyasi. Hakusukumwa na mtu.

Alfajiri maboga ya Kiboko yalifurika maji mpaka yakaelea. Kutoka mkato hadi mkato.

Mhanga akarudi nyumbani kichwa kikizunguka. Akabandika chungu cha maji, kikiwa kimepungua kidogo. Akachukua kiazi kikubwa, akakitumbukiza. Maji yakapanda hadi ukingoni, yakamwagika, moto ukasema tsss! Akakitoa kiazi. Maji yakashuka. Akakitumbukiza tena. Yakapanda.

Akakaa chini. Chungu kilionekana kimejaa. Kumbe kilijaa kiazi.

Na yaliyomwagika? Kule ndivani maji ya kuzidi yalimwagikia upande gani? Kwenye migomba ya Nyani! Kila usiku, isipokuwa ule mmoja ambao Kiboko alilala nje.

Hapo Mhanga alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kile cha mtu aliyepata ushahidi.

Zamu ya tatu ikafika. Yalibaki matuta matatu, na majani yake yalikuwa yameanza kujikunja. Alfajiri Mhanga alipuliza baragumu mwenyewe, vuuu! Wanyama wakaja mbio, wakidhani kuna moto. Wakamkuta amesimama ukingoni, chungu mkono mmoja, kiazi mkono wa pili.

"Bado ana joto," Nyani akanong'ona.

"Ninalo," akajibu Mhanga. "Nina maswali matatu pia. Katibu, kitu kilichotulia hubaki kimetulia mpaka kisukumwe. Kweli au si kweli?"

"Kweli tupu."

"Juzi jioni mwenyekiti alitoka ndivani. Alisukumwa na nani?"

Nyani akajikuna kwapa. "Labda... upepo."

"Upepo!" akasema Nungunungu, ambaye huwa hasemi. "Upepo umnyanyue huyu na mimi uniache?"

"Swali la pili," Mhanga akasema. Akaweka chungu chini, akatumbukiza kiazi. Maji yakapanda. Akakitoa, yakashuka. Akakitumbukiza, akakitoa. Mara tatu, ili hata mwenye kusinzia aone. "Watoto wa Mama Kanga, niambieni. Hiki chungu kimejaa nini?"

"Kiazi!" wakapiga kelele wote kumi na wawili.

"Na ndiva imejaa nini?"

Watoto wakatazama ndiva. Wakatazama pua ya mwenyekiti.

"Kiboko! Imejaa Kiboko!"

Wakubwa nao wakatazama. Kisha Mama Kanga akasema polepole, "Kwa hiyo sisi kiangazi chote hiki tumekuwa tukigawana maji kiduchu na Kiboko mzima." Akamgeukia Mhanga. "Mwanangu, nisamehe ile hatua."

"Irudishe tu, mama. Njoo mbele."

Akaja mbele. Nungunungu akaja. Wengine wakaja.

"Swali la tatu," Mhanga akasema. "Katibu, sheria hizi za nguvu umetuhesabia ya kwanza na ya pili. Ya tatu inasemaje?"

Nyani akatazama chaki yake. "Ile... mwalimu aliifundisha siku niliyokwenda kutafuta ndizi."

Kiboko akafungua mdomo, mara ya kwanza siku hiyo. "Nimechoka na kelele za watoto. Mimi nimetulia. Sitoki. Hiyo nguvu ya nje iko wapi?"

Mhanga akageuka. Mama Kanga mwenye zamu ya kesho, na Nungunungu mwenye zamu ya keshokutwa, walikuwa wamesimama naye. Akawauliza, "Nifungue yote, tugawane sisi watatu?" Wakasema, "Fungua." Akashuka chini ya ukingo, kwenye tundu la tope alilolichimba kwa siku tatu. Akaingiza kucha. Kwaru, kwaru, kwaru!

Maji yakatoka kwa kishindo. Hayakuwa mengi, kwa kuwa nusu ya ndiva ilikuwa Kiboko, lakini yalikuwa yote. Yakalowesha tuta la kwanza, la pili, la tatu. Yakaenda kwenye mtama wa Mama Kanga. Yakaishia kwenye viazi vya Nungunungu.

Na ndivani? Ndivani alibaki Kiboko kwenye tope. Tope gani? Tope lake! Lile alilolilalia siku ya msaragambo, Nyani akasema ametulia. Sasa halikuwa na maji ya kulilainisha, likamshika mpaka kwapani. Jua likachomoza, likaanza kumuunguza mgongo.

"Nisukumeni!" akaunguruma.

"Ngoja tusome sheria," akasema Nungunungu.

Kiboko akakanyaga tope kwa nguvu ajiinue. Tope likafanya plopu, akazama shibiri moja. Akakanyaga tena, shibiri ya pili. Akakanyaga tena, ya tatu.

"Nyani! Katibu! Nishike mkono!"

Nyani alikuwa ameshageuka aondoke, lakini mkia wake ni mrefu. Kiboko akaudaka. Chubwi! Nyani akatua puani pa mwenyekiti, tope mpaka masikioni, chaki imepotea.

"Aliye karibu na kizito huvutwa zaidi," akasema Mhanga. "Pole. Huna hiari."

Wanyama wakacheka mpaka wakakaa chini. Mhanga hakucheka. Alisimama ukingoni, akasema kwa sauti ambayo haikupanda wala kushuka:

"Sheria ya tatu ni hii, nimeisoma hapa topeni. Ukisukuma, unasukumwa, kwa nguvu ileile, kuja upande wako. Mzee, umesukuma kazi yako kwetu kiangazi chote. Leo imefika kwako. Karai hili hapa. Kipande chako kilipimwa tangu msaragambo. Anzia puani."

Kiboko akasema yeye ni mwenyekiti. Jua likamjibu. Akasema ni mzito. Tope likakubaliana naye. Mwishowe akashika karai. Yeye akizoa, Nyani akimpokea na kutupa nje. Siku ya kwanza wakafika kwapani. Siku ya pili wakafika tumboni. Siku ya tatu wakafika chini kabisa, penye udongo mgumu, na Kiboko akatoka kwa miguu yake kama alivyotoka ile jioni. Siku zote tatu kijito kilipita ndivani moja kwa moja kwenda mashambani, kwa mara ya kwanza bila kuzunguka tumbo la mtu.

Nyani, akijipangusa tope, akamsogelea Mhanga. "Haya, dada. Umeshinda. Sasa poa."

"Mimi si uji," Mhanga akasema.

Wanyama wakapiga kura. Wakamwondoa Kiboko kwenye uenyekiti, wakaweka sheria moja: maji yakipimwa, ndivani hakai mtu, awe mkubwa, awe mdogo, awe ametulia. Na katika matuta yale matano Mhanga alivuna matatu. Mawili yalikufa, msiniambie hayakufa. Alipata kibuyu kimoja cha maharage meupe yenye jicho jekundu. Mama Kanga akapewa kiganja, Nungunungu akapewa kiganja, ili mbegu ile isitegemee tena shamba la mtu mmoja.

Basi mafunzo ni haya, na nayasema waziwazi ili asitokee wa kuyafumba. Jiwe likilala halina kosa, kwa sababu halina miguu. Wewe unayo. Embe likianguka halina tamaa, kwa sababu halina mkono. Wewe unao, tena tumeuona. Sheria za vitu ni za vitu. Mwenye akili timamu akijiita kitu ili asifanye kazi, mchungulieni vizuri, mtakuta kuna maji ya mtu amelalia. Na akija binti kwenu na hasira yake, msimpime joto. Pimeni ndiva.

Nilikirusha juu?

Kimeshuka!

Kimemwangukia nani?

Aliyelala katikati!

Basi anyanyuke akakiokote. Mimi nimemaliza, karai liko mlangoni.